Chai ya Vibanzi

Nyuma ya vibanda vya vinyago, hatua chache kutoka Mnara wa Saa hapa Arusha, anakaa fundi mmoja Mmakonde ambaye sijawahi kupita mbele yake nikakosa chai. Sufuria yake ameiteleka juu ya matofali matatu, na kinachowaka chini si mkaa. Ni vibanzi. Tezo ikigonga gogo, kipande kinaruka. Mjukuu wake anakiokota na kukisukumia motoni. Gogo ni moja: nusu inachemsha maji, nusu imelala mapajani mwa fundi, ina bega na jicho moja.

Siku nilipoliona jambo hilo sikuweza kunyamaza.

"Fundi, unajua wewe umo kwenye Biblia?"

"Mimi Mwislamu, Mwalimu. Nimeingiaje humo?"

Nikamsimulia Isaya, sura ya 44. Mtu anapanda mti, mvua inaukuza, anaukata. Nusu yake anaota moto, anaoka mkate, anachoma nyama, anashiba. Nusu iliyobaki anaichonga, anaisimamisha, kisha anaipigia magoti na kuiomba imwokoe. Nabii anashangaa tu: hivi kweli mtu huyu hakumbuki mkate wake uliivia kwenye nini?

Fundi alicheka mpaka akaweka patasi chini. "Huyo nabii alikaa na mafundi," akasema. "Asiyekaa na mafundi hawezi kujua habari za vibanzi." Naye akanipa ya kwake, aliyoisoma chuoni utotoni kule Newala: Nabii Ibrahimu, ambaye baba yake alikuwa mchonga masanamu, aliyavunja masanamu ya watu wake yote isipokuwa lile kubwa. Walipomuuliza nani kafanya haya, akawaambia kafanya huyo mkubwa wao, wayaulize masanamu yenyewe kama yanaweza kusema.

"Na wewe hujawahi kuchonga mungu?"

"Mteja wa mungu hajaja bado. Mimi nachonga watu, tembo, na Mmasai mrefu."

Akachovya kitambaa kwenye kopo la kiwi cha viatu na kuanza kusugua kinyago kingine kilichokwisha. Huo haukuwa mpingo, aliniambia bila aibu yoyote. Mpingo umeadimika na bei yake imepanda, kwa hiyo mti mwepesi unavishwa weusi kwa kiwi, na mgeni anakwenda nao Ulaya akiamini amebeba mpingo. Nilimwuliza mgeni akigundua je. "Atagundua mkononi," akajibu. "Kiwi hakina siri."

Nimekuwa nikiyarudia mazungumzo hayo kwa sababu tuna methali ambayo nilidhani imemaliza suala zima la ibada ya sanamu: kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Nilikua nikiamini hivyo. Ukisoma manabii wa Kiebrania kwa utulivu, hata hivyo, utaona wanabishana na methali yetu neno kwa neno. Wao wanasema kinachokutisha ni hicho hicho ulichokichonga. Jeremia, sura ya 10, anailinganisha sanamu na lile dude la kufukuzia ndege katika shamba la matango: halisemi, halitembei, lazima libebwe. Anawaambia watu wasiliogope, na hapo ndipo ilipo siri yake. Hakuna anayekatazwa kuogopa kitu asichokiogopa. Watu walikuwa wanatetemeka kweli mbele ya gogo walilolikata wenyewe.

Wanatetemekaje? Nadhani jibu liko chini ya sufuria ya fundi. Vibanzi ndio ushahidi kwamba mungu huyu ni mti. Maadamu vibanzi viko pale chini unaviona, methali inafanya kazi, kinyago hakitishi. Lakini vibanzi vinaungua, chai inanyweka, majivu yanafagiliwa, na wajukuu wanakikuta kinyago tu kimesimama, kinang'aa, hakina historia. Wataalamu wa maandiko huihesabu sehemu ile ya Isaya kuwa ya wakati wa uhamisho wa Babeli, karne ya 6 kabla ya Kristo. Maana yake nabii alisema hayo katikati ya watu walioshindwa vita, wanaoona kila siku miungu ya waliowashinda ikipitishwa barabarani kwa fahari. Katika hali hiyo kuulizia vibanzi si kejeli ya bei rahisi. Ni ujasiri.

Niseme kidogo kuhusu ibada hiyo huku kwetu mlimani. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri waliopanda huku Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, na waliowafuata walifundisha kwamba wazee wetu waliabudu miti. Mimi ni Mlutheri wa ubatizo na wa kipaimara, na nawaheshimu waliotuletea Isaya. Ila sijawahi kusikia mzee wa Kimeru au wa Kiarusha akimtaja mungu wa kuchongwa. Chini ya oreteti, ule mti wa jamii ya mkuyu, Waarusha na Wamasai walimwomba Engai, hawakuuomba mti. Vinyago vimefika Arusha kwa Wamakonde na kwa watalii. Nabii Amosi mwenyewe alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na sioni kama angepata shida kukaa na wazee wale kivulini.

Kile kinyago cha bega na jicho moja kilipokamilika, kilikuwa Ujamaa. Ndilo jina lake sokoni. Ni nguzo ya watu waliopandana, huyu kamshika huyu kiuno, yule kasimama mabegani mwa mwenzake, mama na mtoto, mzee na mkongojo, wote wametoka kwenye gogo moja bila gundi wala msumari. Zamani Wamakonde waliuita mtindo huo dimoongo. Jina la Ujamaa lilikuja na siasa ya wakati wa Nyerere. Bei yake ilitajwa kwa dola. Nafikiri hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kulibuni hilo: siasa yetu ya ujamaa na kujitegemea iligeuka kinyago halisi, cha kuchonga kwa tezo, kikauzwa kwa fedha za kigeni mwendo mfupi kutoka mahali ilipozaliwa.

Ilizaliwa hapa hapa mjini. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata serikali ikataifisha mabenki. Ukumbi wa Kaloleni ulikofanyika mkutano ukawa makumbusho mwaka 1977, na karibu nao ukasimamishwa mnara wa Mwenge. Mwaka ule ule wa Azimio ndipo tanzanaiti ilipogunduliwa Mererani. Isaya aliota siku ambayo watu watawatupia fuko na popo sanamu zao za fedha na dhahabu. Sisi tulikwenda kinyume chake, tukashuka wenyewe migodini, kwa fuko na popo, kuzifuata.

Darasani kwetu Azimio tulilikariri kama sala. Nililirudia juzi juzi nikiwa mzee, na safari hii nililisoma kama ninavyomsoma Isaya. Sehemu yake ya kujitegemea haianzi na jembe, inaanza na hela. Inasema tumechagua silaha ambayo hatuna. Kila mkoa, kila wizara, kila mbunge akisimama anaomba fedha, kana kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, na tukikosa za kwetu tunatazama nje, kwenye misaada na mikopo. Halafu inawataja wanawake wa vijijini wanaofanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wengi wanapiga soga. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alibeba ndizi kichwani kutoka Nkoaranga mpaka soko la Tengeru, na sikumbuki kumwona amekaa kitako mchana.

Sasa fungua Isaya 31. Waashuru wanaikaribia Yuda, na wakubwa wa Yerusalemu wanapeleka wajumbe Misri kutafuta farasi na magari ya vita. Nabii anawaambia Wamisri ni binadamu, si Mungu, na farasi wao ni nyama, si roho. Msaidizi atajikwaa na anayesaidiwa ataanguka naye. Watu wa Arusha hupenda kujisifu kwamba Mnara wetu wa Saa uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Iwe kweli isiwe kweli, nikipita pale humkumbuka Isaya: nusu ya njia kwenda Misri, na magari yote yanayopita ni ya wafadhili.

Kwa hiyo nilidhani nimemaliza. Azimio na Isaya wanasema jambo moja, na si ajabu, kwa kuwa husimuliwa kwamba Mwalimu (yule, si mimi) katika uzee wake alisema anasafiri na vitabu viwili, Biblia na Azimio. Mkatoliki aliyetafsiri Injili kwa utenzi hawezi kuwa hakuwahi kukutana na Isaya. Kisha Jumapili moja somo la usharikani likawa Jeremia 17, na raha yangu ikaisha. Jeremia anamlaani mtu amtegemeaye binadamu na kuufanya mwili kuwa mkono wake. Hakusema binadamu wa Misri. Alisema binadamu. Na mimi si binadamu? Anayejitegemea anamtegemea nani kama si binadamu mmoja, tena anayemjua udhaifu wake wote?

Nilikaa na swali hilo miezi. Hosea ndiye aliyenisaidia kidogo, sura yake ya mwisho, anapowafundisha watu maneno ya toba. Wanatakiwa kukiri mambo matatu kwa pamoja: kwamba Ashuru haitawaokoa, kwamba hawatapanda farasi, na kwamba hawataiita tena kazi ya mikono yao mungu wao. Mfadhili wa nje, nguvu zako za ndani, na kinyago, vyote amevifunga furushi moja. Hosea haoni tofauti baina ya mwenye kuombaomba na mwenye kujivuna. Wote wawili wamesahau vibanzi.

Tena Kiswahili chetu hapa kimetuficha kitu. Ile -ji- ya kujitegemea haina umoja wala wingi. Mtu mmoja anajitegemea, taifa zima linajitegemea, na kiambishi ni kile kile. Shuleni tulikiimba kwa wingi, majembe mabegani, tukienda shamba la shule. Tulipoanza kupata mishahara kila mmoja akakishusha kwenye umoja, akaondoka nacho nyumbani kwake. Leo mtajie dalali wa Arusha neno kujitegemea, hatafikiria Azimio hata kidogo. Atakuuliza unataka vyumba vingapi, maana kwake ni nyumba yenye geti lake, LUKU yake na maji yake, isiyochangia kitu na mtu.

Na Azimio lenyewe halikupona. Lilichongwa na watu, kwa mkutano wa siku nne, likiwa na vibanzi vyake vya hoja na mabishano, lakini katikati ya miaka ya 1970 vibanzi vilikuwa vimeungua. Mwaka 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri, na mpaka 1976 familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa nyuma yao ili wasirudi. Hapo kinyago kilimtisha aliyekichonga. Kitabu cha pili cha Wafalme, ambacho Wayahudi hukiweka miongoni mwa vitabu vya manabii, kinasimulia habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa sababu njema, watu wapone. Karne kadhaa baadaye walikuwa wanamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande.

Sisi hatukuwa na Hezekia. Hakuna aliyelivunja Azimio. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, yale yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Azimio likabaki kwenye kabati la vioo Kaloleni, mnara ukaendelea kupakwa rangi, mbio za Mwenge zikaendelea kila mwaka. Ninaloliona mimi ni kwamba tuliacha kumtii nyoka tukabaki na uvumba.

Lakini ni rahisi kuandika juu ya chama. Kinyago changu mimi ni tangi.

Anayeishi mitelemko ya Meru anajua habari ya maji yetu. Mlima ni volkano, na chemchemi zake nyingi zina floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, yanatoka ya kahawia, na akiendelea kuyanywa sana, mifupa nayo hupinda. Nikicheka Dar es Salaam, konda ananiuliza, "Mzee wangu, wewe wa Arusha?" Kituo cha utafiti cha Ngurdoto huyachuja maji hayo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Njia nyingine ni kukinga mvua, kwa sababu mvua huwa na floraidi kidogo sana. Jeremia, sura ya 2, anawalaumu watu walioiacha chemchemi ya maji ya uzima wakajichimbia mabirika yaliyopasuka. Huku kwetu, kwa sayansi, birika linaweza kuwa salama kuliko chemchemi. Nilipolisema hilo kwenye kikundi cha Biblia, nilijiona mjanja sana.

Nilipostaafu nilichukua kiinua mgongo nikajenga tangi la ardhini, la zege, la kukinga mvua ya bati zote za nyumba. Niliwekeza nondo, kokoto, saruji mifuko isiyohesabika. Lilipojaa masika ya kwanza nilikaa ukingoni jioni nzima nikilitazama. Nakiri nililitazama vile Isaya anavyoeleza. Baada ya hapo niliacha kwenda kuzibua mfereji. Kwetu kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji, na zamu hiyo analipia kwa jembe, siku za kusafisha mfereji kuanzia juu kwenye banio mpaka chini kwa mtu wa mwisho. Nikawa natuma udhuru, kisha nikaacha hata kutuma udhuru. Migomba yangu ilinyweshwa kwa pampu. Mtu akiniuliza, nilimjibu najitegemea.

Tangi lilipasuka mwaka wa tatu, Agosti, katikati ya ukame. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa na haraka, sikuliacha zege lishike maji siku zake zote, na nilimcheka kijana aliyenishauri. Asubuhi nilikuta kina kimeshuka hadi magotini na udongo wa nje umelowa. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unyasi. Niliweka kidole nikasikia ubaridi ukinipita kwenda zake.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu mzee wa kamati ya mfereji akaja, akasimama mlangoni, hakuingia. "Mwalimu, migomba yako tumeiona kutoka barabarani. Alhamisi alfajiri maji ni yako." Sikuwa nimeomba. Mama jirani naye akaanza kuniletea ndoo mbili za kunywa kutoka tangi lake la plastiki, la mvua, dogo kuliko langu mara kumi. Hakuna aliyetaja mfereji. Ningependa wangenitukana.

Alhamisi ile, nimesimama kwenye tope gizani na tochi, nilielewa nilichokosea kwa Jeremia. Sehemu kubwa ya Yuda ilikunywa maji ya birika. Nchi ile ni kavu, mara nyingi hapakuwa na njia nyingine. Nabii hakuwa na ugomvi na zege. Ujanja wangu wa kikundi cha Biblia ulikuwa sahihi na haukuwa na faida yoyote. Kukinga mvua kulikuwa jambo jema, na tangi nimeliziba, bado nakinga. Nililolifanya ni kwamba kwa sababu ya tangi sikuwahitaji tena watu, na nikaliita hilo kujitegemea, kwa umoja.

Wiki iliyopita nilirudi kwa fundi. Chai ilikuwa jikoni, vibanzi vinawaka. Nilimwuliza kama anaweza kunipatia kitu kutoka gogo lile lile, kisicho cha kuni wala cha mtalii. Aliligeuza, akaligonga kwa kisigino cha tezo kusikiliza nyufa, akapasua ubavu wake mmoja ulionyooka. Jumamosi tunazibua mfereji kuanzia kwenye banio, na jembe langu halijaguswa miaka mitatu, mpini umeliwa na mchwa. Aliuchonga kwa nusu saa, akausugua msasa, na alipotaka kuupaka kiwi nikamkataza. Mpini shilingi elfu tatu, chai bure.